Maganda ya Mihogo Nyuma ya Zizi

Ng'ombe hawajui Jumapili. Mimi niliyezaliwa Itebero, ndani ya pori, ambako mnyama mkubwa kuliko wote nyumbani alikuwa mbuzi, nilijifunza hilo kwa mgongo wangu. Mbuzi unamfungulia asubuhi, anajitafutia mwenyewe. Lakini wale ng'ombe wa maziwa wa shamba kubwa la Masisi walisimama zizini, sabini na zaidi, wakinitazama kana kwamba miye ndiye niliyewaalika duniani. Hata ningekuwa na homa, hata ningekuwa na kilio, wao walitaka majani. Siku nyingine niliwatukana. Walitafuna tu.

Nilifika pale na mume wangu, mwaka uliofuata uhuru. Mwenye shamba, mzungu, alikuwa ameondoka haraka haraka, akamwachia kapita, msimamizi wake, funguo, ng'ombe na mashine ya kutenganisha krimu na maziwa ambayo hakuna aliyejua kuitengeneza ikiharibika. Mume wangu alipata kazi ya kulisha. Baada ya miezi minane alipanda lori la kwenda Bukavu kutafuta kazi ya kuvaa shati safi, akasema wiki mbili. Sitamwandika zaidi ya hapo. Wino una kazi nyingine.

Kapita hakuniuliza kama naweza. Alikuja asubuhi, akanipa panga la mume wangu, akasema, "Mama, ngombe iko na njaa." Basi. Ndivyo nilivyoajiriwa. Wanawake wengine wa kampi ya wafanyakazi walikuwa na mashamba yao ya maharagi juu ya vilima, na waume zao walikamua. Mwanamke wa kushika panga la zizi nilikuwa peke yangu. Ungeniuliza kwa nini sikurudi kwetu. Ningerudi na nini? Mtoto sina, mume sina. Na njia ya kwetu, ya kushukia Walikale, miaka ile ilikuwa na mambo yake. Mwezi huu watu wanapita, mwezi ujao hawapiti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, unashuka kwenye kijito kukata matete. Unafunga mzigo, unaubeba kichwani, unapanda kilima huku maji ya baridi ya majani yanaingia shingoni mpaka kiunoni. Unaukata vipande juu ya gogo, unajaza hori la simenti kutoka mwisho huu mpaka ule, na ukifika mwisho ule, wa mwanzo wamekwisha kumaliza. Unashuka tena. Wakati wa jua kali, matete yakikauka, tulikata migomba, tukakusanya mabua ya maharagi na majani ya viazi. Jioni unanyunyiza maji ya chumvi juu ya chakula, nao wanalamba hori mpaka linang'aa.

Kapita alinifundisha majani. Alikuwa mtu wa hasira, mwenye nyonga mbovu iliyomfanya atembee upande, na aliogopa radi kuliko mtoto. Wingu likinguruma tu, unamkuta ndani ya stoo ya chumvi amejifunika gunia. Nilimcheka kimoyomoyo. Lakini kwa majani, hapana, alijua. Haya yenye umande usiwape kabla hayajanyauka, yatawajaza tumbo hewa. Yale ya maua meupe, tupa. Ya kando ya mfereji, osha. Kila alichoniambia alikisema kwa kelele, na kila nilichokosea alikipigia kelele maradufu. Aliniita Mama wa Pori. Kampi nzima ikaniita hivyo.

Sasa niseme wazi: nilikuwa mpweke mpaka nikachoka na sauti ya kichwa changu mwenyewe. Hawakunitesa, nisiwasingizie. Asubuhi walinisalimia, "Mama, umelala?" nikajibu nimelala, ikawa ndiyo hiyo ya siku nzima. Wao walikuwa na jamaa zao juu ya kilima, na ubatizo wao, na harusi zao. Lugha ya kwetu hakuna aliyeijua pale, kwa hiyo niliiongea na ng'ombe. Niliwasimulia nyumba ya mama yangu, samaki wa mtoni, mvua ya pori inayoanza kwa sauti kabla hujaiona. Ng'ombe walijua lugha yangu kabla ya watu.

Na chakula. Ee, chakula! Kwetu mtu hajala kama hajala muhogo mchungu, ule unaolowekwa majini siku tatu nne mpaka ulainike, utoe ukali wake na harufu yake. Pale vilimani walipanda muhogo mtamu kidogo, wa kuchoma na kula hivyo hivyo. Ule wetu hawakuutaka. Mwaka wa kwanza niliwahi kuupata, nikauloweka ndani ya bidoni, dumu langu la maji, mlangoni kwangu. Siku ya tatu mke wa mkamuaji mmoja alipita, akashika pua, akaita kwa sauti ya kuchungulisha kampi nzima: "Mama wa Pori anapika maiti?" Yoo, walicheka! Kapita naye alicheka, akiwa amejishikilia ile nyonga yake. Nilicheka pamoja nao, nikaingia ndani, nikalia. Usiku wake nilimwaga kila kitu kwenye mfereji. Kutoka siku ile nilikula bugali yao ya mahindi na maharagi yao, na kama nilipeleka kitu cha kwetu mdomoni, nilikula nimefunga mlango.

Kapita alikuwa na ng'ombe wake wawili, mzungu alimruhusu kuwachanganya na wa shamba. Mmoja alikuwa jike mwekundu, mpole, mwenye alama nyeupe juu ya pua. Mwaka wa tatu, wakati wa mvua kubwa, yule mwekundu aliteleza akaanguka ndani ya mfereji, na maji yalikuwa yanapanda. Nilikuwa peke yangu bondeni. Nikaingia, nikaweka kichwa chake juu ya bega langu ili asinywe maji, nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Watu walipokuja na kamba, mimi na ng'ombe tulikuwa tunatetemeka pamoja. Kapita hakusema asante. Hakuwa na neno hilo kinywani. Alisema, "Ikishika mimba, ikizaa dike, njo yako." Yaani ndama akiwa jike, ni wangu.

Msomaji asiyejua ng'ombe atadhani nilifurahia mnyama. Hapana. Pale vilimani, mtu akikupa ng'ombe, mmefungana. Kwake kukiwa na kilio, unakuja unakaa ndani, hukai uani. Kwako kukiwa na ugonjwa, anakuja na maziwa. Watoto wake wanakuita kwa jina la ukoo. Ukifa, kuna mtu wa kusema huyu alikuwa wa kwetu, wekeni kaburi hapa. Ndama yule angekuwa cheti changu cha kuwa na watu. Nilimtaka jinsi mwanamke mwingine anavyotaka mtoto, na sioni haya kulisema.

Mwekundu akashika mimba. Nilihesabu miezi kwa vidole. Kila jioni nikimaliza hori, nilimpelekea chake pembeni: maganda ya viazi vyangu na chumvi kidogo kiganjani. Alinijua kwa miguu. Alipokaribia kuzaa, Kapita alimtenga kwenye uzio mdogo nyuma ya zizi, ili asisukumwe na wengine. Ilikuwa wakati wa jua kali, majani yamekuwa haba, tunakata migomba mpaka mikono inakuwa myeusi.

Ndipo hamu ya muhogo ikanishika. Nilikuwa na furaha, na furaha isiyo na mtu wa kuambiwa inakaa vibaya tumboni. Nikamwomba Kapita ruhusa ya siku moja. Jumamosi, kabla ya jua, nikatembea kushuka mpaka sokoni Kashebere, ambako wanawake wa upande wa Walikale walipanda na vikapu vyao. Mmoja alinisalimia kwa lugha ya kwetu. Neno moja tu la salamu. Nikasimama mbele ya kikapu chake nikalia kama mjinga, na yeye, mama wa watu, akadhani nimefiwa, akaniongezea mihogo mitatu.

Jumapili kampi nzima ilipanda kanisani. Mimi nilisema nimechoka na safari. Nilitaka kumenya mihogo yangu bila mtu kushika pua. Nikaketi nyuma ya zizi, kwenye kivuli, karibu na uzio wa mwekundu, kisu mkononi, na sijui kama nimewahi kuwa na asubuhi tamu kuliko ile. Nilimenya, nikaimba. Vipande nikavitia ndani ya bidoni yenye maji. Maganda yakawa lundo zuri, mabichi, yenye unyevu, na mwekundu akanyoosha shingo juu ya mti wa uzio, akavuta pumzi, akaniita.

Nikampa. Ndiyo, miye. Nilichota kwa mikono miwili nikampa, nikarudi nikachota tena. Kwetu mbuzi wanakula maganda ya mihogo, niliwaona tangu utoto. Mnyama ni mnyama, nilidhani. Alikula kwa pupa, maana wiki nzima alikuwa na migomba tu, na mimi nikamkwaruza kati ya pembe nikamwambia kwa lugha ya kwetu: kula, mama, kula, unakula kwa ajili ya wawili.

Haikupita hata muda wa kuchemsha maharagi. Alianza kupumua upesi, ubavu unapanda na kushuka. Kisha miguu ikatetemeka. Povu likatoka. Aliniangalia, macho yamemtoka, akaenda upande kama mlevi, akaanguka juu ya tumbo lile. Niliruka uzio. Nikashika kichwa chake kama siku ile ya mfereji, nikakiweka kwenye bega langu, nikapiga kelele. Lakini safari hii watu walikuwa kanisani.

Na hapo, kichwa kile kizito kikiwa juu yangu, nikamwona mama yangu. Nikamwona na fimbo, Itebero, akifukuza mbuzi kwenye lundo la maganda mabichi, akitukemea sisi watoto tuwafukuze pia. Kila siku alifanya hivyo. Na mimi miaka yote nilidhani alichukia uchafu wa mbuzi! Maganda waliyokula mbuzi wetu yalikuwa yale yaliyokaa juani siku mbili tatu mpaka ukali ukatoka. Nililiona hilo utotoni wote, na sikuwahi kuuliza.

Watu waliporudi walimkuta amekufa na mimi nimekaa pale pale. Kapita aliangalia mdomo, akaangalia macho, akatazama majani ya uzioni. Hakuuliza kitu kwangu. Lundo lililobaki la maganda nilikuwa nimelikalia. Sketi yangu ililifunika, na sikujua kama niliketi pale kwa kuchoka ama kwa kuficha. Wakamuaji walipasua tumbo. Ndama alikuwa amekamilika, mpaka kope. Jike.

"Hii ni sumu," alisema mkamuaji mmoja. "Muntu ameipatia sumu."

Na wote wakageuza macho bondeni, kwa yule mkulima wa maharagi ambaye ng'ombe wa shamba walikuwa wameingia kwake mara mbili na kukanyaga mistari yake, naye akaapa mbele ya watu kwamba mara ya tatu kutakuwa na maneno. Alikuwa mtu wa mdomo mkubwa, hana lingine. Wanaume wakaanza kuokota fimbo. Wamevaa nguo za kanisani, na wanaokota fimbo. Miaka ile mtu hakuhitaji sababu kubwa, na wote tulijua mambo ya namna hiyo yanapoishia.

Ningenyamaza, ningekuwa na mahali. Nililijua hilo wazi, silisemi leo kwa kujipamba. Kapita angekuwa bado na ng'ombe wa pili, na neno lake ni neno. Ningengoja mwaka mmoja tu.

Nikasimama. Maganda yakaonekana.

"Ni miye," nikasema. "Nimemulisha maganda ya muhogo wa kwetu. Sikujua. Hapana enda kwa yule Papa. Ni miye."

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonivunja. Kapita, mtu wa kupiga kelele kwa unyasi mmoja wenye umande, alinyamaza. Alitazama maganda, akanitazama, akatupa fimbo yake chini, akaondoka kwa mwendo wake wa upande. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Yule mke wa mkamuaji alibaki wa mwisho; alifungua mdomo, nikangoja tusi, akaufunga, akaenda.

Jumatatu nilikata matete. Jumanne nilikata migomba. Jumatano hivyo hivyo. Hata ile "Mama, umelala?" sikuisikia. Walinipisha njia. Niliwalisha ng'ombe sabini na zaidi na sikuwaambia neno, kwa lugha yoyote. Nilijiambia, hii njo haki yako, Mama wa Pori. Mihogo ilikuwa bado ndani ya bidoni, mlangoni kabisa, inanuka kampi nzima, na sikujali tena kuificha. Nimfiche nani?

Alhamisi, katikati ya mchana, niliitoa. Ilikuwa laini. Nikaitwanga, nikaifunga ndani ya majani ya migomba, nikaipika: chikwange ya njia, siku tatu za kutembea mpaka Itebero kama njia inapitika. Nilikuwa nimekwisha kufunga kitenge, sufuria na blanketi. Panga la zizi nilikuwa nimelisafisha, nikaliegemeza ukutani ili walione.

Nikasikia ule mwendo. Mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuzwa. Nikajua anakuja kunifukuza, nikasema moyoni, Papa, umechelewa, najifukuza mwenyewe.

Kapita alibisha. Miaka minne hakuwahi kubisha mlango wangu. Aliniita tu kutoka zizini. Akaingia, akakaa chini, si kwenye kiti, chini kwenye mkeka, akavua kofia akaiweka gotini. Nilikuwa nimekwisha kuona watu wa pale wakikaa hivyo. Ndivyo wanavyokaa wakienda kumpa pole mtu aliyefiwa na ng'ombe.

"Mama," alisema, "pole kwa ngombe yako."

Nilidhani ananidhihaki. Damu ilinipanda. "Ngombe yangu gani? Ile ilikuwa yako, na miye nimeiua."

"Ile kubwa ilikuwa yangu. Ndogo ilikuwa yako. Ilikuwa dike, nilisemaka. Nimelia yangu siku tatu. Sasa nimekuja kwa yako."

 Nililia mbele yake kwa sauti, bila kufunika uso, yale machozi ya mume, na ya mfereji, na ya ndama mwenye kope. Yeye alingoja tu, akizungusha kofia. Kisha akaangalia mzigo wangu uliofungwa, na panga ukutani.

"Wakati nilikuwa kijana," alisema, "nilichunga ngombe za muntu kule chini, kwa batu wa muhogo mukali. Ile maganda mabichi ninaijua. Iliuaka mbili mbele yangu. Kama ningekuona nayo hata siku moja, ningepiga kelele."

"Nilijificha," nikasema.

"Ee. Ulijificha kwa sababu tulicheka. Na miye nilicheka." Alikohoa. "Nilikufundisha majani yote ya hii kilima. Miaka ine. Sikukuuliza hata siku moja kwenu munakulaka nini."

Nje ng'ombe mmoja alianza kulia njaa. Hatukusimama. Kapita alinyoosha kidole kwenye zile chikwange, bado zina mvuke.

"Njo hii?"

"Njo hii."

"Patia."

Nikafungua moja. Akakata kipande, akakinusa, na uso wake, Mungu anisamehe, ulinifanya nitake kucheka katikati ya kilio. Akakitia mdomoni. Akatafuna muda mrefu sana, kama ng'ombe.

"Inanuka," alisema.

"Ninajua."

"Kwenu munaikulaka na nini?"

Basi nikamwambia. Na samaki wa mtoni waliokaushwa juu ya moshi. Na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mawese mpaka inang'aa. Na uyoga wa pori baada ya mvua ya kwanza, mama yangu akiwa na mkono mzito wa pilipili. Nilisema mpaka koo likakauka, na yeye akiuliza, na akikata kipande, na mimi nikikata, nikifungua nyingine, na nyingine. Alinung'unika kila alipomeza, na hakuacha.

Tulipoangalia chini, chakula cha njia kilikuwa kimekwisha chote. Sasa zizi zima lilikuwa linalia. Kapita akashika ukuta ili ainuke na ile nyonga yake, akachukua panga pale nilipoliegemeza, akanipa, tukashuka kukata majani.